Wamesema Usibebe Jiko

Mwanangu Kabula,

Nimekutuma Kisesa ukamuage bibi yako, nikakwambia usirudi mpaka jua lipoe. Kwamba bibi anataka kukuona, ni kweli. Lakini nilitaka pia uani pawe kimya nipate kuandika. Ukiwepo unachungulia begani na kunisahihisha, "Mama, siyo 'kura chakura', ni 'kula chakula'," na leo sitaki kusahihishwa. Ukikuta herufi imekaa mahali pa mwenzake ipite tu, utaelewa.

Ifungue barua hii kesho ukishavuka kivuko. Najua utaifungua kabla. Basi ifungue, ila usimsomee mtu, na shangazi yako asiione.

Habari za kufua sare, kusalimia wakubwa na kutolala na nywele mbichi sikuandikii. Hayo nimeyasema tangu ukiwa mgongoni, kama hayajaingia kwa masikio hayataingia kwa karatasi. Nataka nikueleze habari ya lile jiko dogo nililolifunga kwenye mzigo wako, maana ulipoliona ulisema, "Mama, si shangazi amesema nisibebe jiko?" nami nikakujibu kwa ukali ambao hukustahili. Nilikwambia, "Utabeba, na usiniulize." Sasa nakujibu kama ulivyouliza.

Unakumbuka salamu za shangazi yako zilivyofika? Wewe hukuwepo, nilikusimulia nusu. Nilikuwa sokoni Mwaloni na akina mama wenzangu tunakaanga mapanki, mifupa ya sangara inayotoka viwandani, lori la samaki kutoka ng'ambo likaingia, na yule utingo wake, Masanja, hana sauti ya kunong'ona yule. Akiwa bado juu ya lori akapiga kelele:

"Mama Kabula! Wifi yako wa Sengerema anakusalimu! Anasema mtoto aje na madaftari na godoro, basi! Asibebe jiko! Jiko limeshapatikana!"

Soko lote likacheka. Mama Aziza, jirani yetu huyu huyu wa mlango wa pili, akaacha samaki wake waungue akapiga vigelegele. "Hongera mama mkwe! Jiko limepatikana Sengerema! Sisi pilau yetu lini?"

Nami nikacheka nao. Ungefanyaje mbele za watu? Lakini mafuta yalinirukia mkononi sikuyasikia. Wewe mtoto wa mjini unajua kwamba mwanamume akioa watu husema amepata jiko. Neno hilo umelisikia harusini tangu mdogo, kwako ni utani. Mimi nilijifunza neno hilo siku moja tu, na aliyenifundisha ni huyo huyo shangazi yako Minza.

Nilikuwa nimekuzidi kama mwaka mmoja. Nimemaliza la saba, niko nyumbani kwa baba, Kiswahili changu ni cha darasani: meza, kiti, jiko, ndoo. Minza akaja. Kwao wana mavuno ya pamba, alisema, vibarua ni wengi na wapishi hakuna. Binti aje awasaidie kupika. Mama yangu akauliza nibebe nini. Minza akasema, "Asibebe kitu mama, kila kitu kipo." Nikaenda na kanga mbili na kitana.

Tuliposhuka kwenye lori kulikuwa na wanaume wamekaa mbele ya nyumba. Mmoja akasema, "Haya, jiko limefika." Kabula, niligeuka nikaangalia lori. Nilitafuta hilo jiko kwa macho, katikati ya marobota na mitungi. Nikaona pengine ni zito, nikauliza kwa adabu zangu zote, "Nisaidie kulishusha?" Walicheka mpaka mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Minza hakucheka. Alinishika mkono akaniingiza ndani haraka, na hilo ndilo lililonifanya niogope, kwamba hakucheka.

Siku chache baadaye ng'ombe walifika kwa baba yangu. Mchumba ndiye baba yako. Hakuwa mtu mbaya. Sisemi vibaya juu yake hata sasa anapoishi Kahama na mke mwingine. Nasema tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo nilipomsikia Masanja juu ya lori, maneno yalikuwa yale yale. Asibebe. Kipo. Limepatikana. Na aliyeyatuma ni yule yule.

Sasa ujue kitu ambacho kinanifanya nitazame jiko la mtu kabla ya kutazama uso wake. Nilipikia kwenye mafiga ya mama mkwe wangu miaka miwili. Kwa nje mafiga ni kitu cha bure: mawe matatu, nani anayauza? Lakini mafiga yana mwenyewe. Nikitaka maji ya moto ya kukuogeshea wewe, mtoto mchanga, nasubiri wapike kwanza. Nikisubiri, naambiwa moto umelala. Nikiuchochea, naambiwa namaliza kuni. Na kuni kweli zilikuwa zinaisha, maana mafiga yanakula bila kushiba. Upepo ukipita, ndimi za moto zinalamba pembeni mwa chungu na kwenda zake, unapasha uwanja mzima moto na maharage yamekaa tu. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilijua tu kwamba siwezi kuchemsha kikombe cha maji bila kuomba ruhusa.

Tulipohamia Kirumba, baba yako alipopata kibarua bandarini, kitu cha kwanza nilichonunua kabla ya kitanda kilikuwa jiko la bati. Nililibeba kichwani kutoka sokoni kama nimebeba taji. Baada ya miezi sita chini yake palitoboka, majivu na makaa yakawa yanaanguka sakafuni. Mkaa nilionunua jioni haukufika kesho jioni. Nikaanza kumshuku Mama Aziza. Ndiyo, huyu tunayekula naye. Nilidhani anachota mkaa wangu nikiwa sokoni, nikawa napanga vipande vya juu kwa namna ninayoijua mwenyewe ili nijue vikiguswa. Havikuguswa. Aliyekuwa anakula mkaa ni jiko lenyewe, bati jembamba, joto lote linatoka mbavuni. Ukiweka mkono ubavuni mwake unaungua, na sufuria juu inanguruma kidogo tu kama mtu anayeota. Tangu siku hiyo jiko nalipimia hapo, ubavuni: joto ninalolisikia mimi niliyekaa pembeni, sufuria haijalipata.

Kisha ikaja ruksa ya biashara, kila mtu akawa mfanyabiashara, na majiko ya kila aina yakajaa mjini. Nimeyajaribu karibu yote, na karibu yote yalinidanganya kwa namna yake.

La mchina lilinidanganya kwa usafi wake. Hakuna majivu, unawasha kwa kiberiti kimoja, chai tayari kabla mtoto hajavaa viatu. Kwa chai na kupasha kiporo sina ugomvi nalo mpaka leo. Lakini lipe maharage uone. Mafuta ya taa yanashuka huku unayaona, na mafuta yenyewe siku hizi hujui umeuziwa nini. Kuna wakati moto ulikuwa unapiga chafya, tambi zinatoa moshi mweusi, nikajua wamechanganya. Chakula nacho kikanuka taa. Wateja wangu wakaanza kuniuliza samaki hawa mmewavua kwenye tangi gani.

La koili la umeme ulilililia sana ulipoliona kwa rafiki yako. Mwenye nyumba alikataza, na safari hii alinisaidia. Umeme ukikatika na mgao umefika, unabaki na ugali nusu mbichi na chuma cha kutazama.

La vumbi la mbao ndilo nililolipenda kuliko yote. Nalo nilikufundisha mwenyewe: unaweka chupa katikati ya kopo kubwa, unashindilia vumbi mpaka mikono iume, unachomoa chupa taratibu, unawasha kwa chini. Likishindiliwa vizuri linawaka asubuhi mpaka mchana bila kuguswa. Ukilegeza, linaporomoka katikati ya upishi na kuzima. Na vumbi lilikuwa bure, seremala alikuwa anatushukuru kwa kumfagilia. Siku alipogundua kwamba takataka yake inapika, ikaacha kuwa takataka. Ikawa na bei, kisha bei ikapanda, na baadaye akawa anachanganya na mchanga ili kiroba kiwe kizito. Nilimkuta kwa macho yangu. Akasema, "Mama Kabula, na mimi nina watoto." Nikamwambia, "Wako wanakula mchanga?"

Baada ya hapo ndipo nilipodanganywa vibaya, nawe ulikuwepo, ulikuwa unanishika kanga. Yule bwana pale karibu na stendi aliyekuwa anauza majiko ya udongo ndani ya bati, amevaa tai. "Mama karibu, weka mkono, usiogope! Ubavuni baridi, juu moto!" Aliinjika sufuria ya maji mbele yetu, yakachemka tukiwa bado tumesimama. Nikanunua. Nyumbani lilikuwa zito kama jiwe na baridi kama jiwe. Wiki ya pili udongo ukapasuka, ndani ni saruji imepakwa rangi ya udongo. Na maji yake, nilikuja kuambiwa na mama ntilie wa pale, yalikuwa yanaletwa ya moto kutoka kwake. Kila siku alikuwa anamuuzia birika zima.

Nilikasirika mwezi mzima. Lakini nikawaza: kwa nini niliangalia maji? Mimi nyumbani sichemshi maji, mimi napika maharage na makande. Yeye alichagua cha kunionyesha, mimi nikatazama nilikoelekezwa. Siku niliyokwenda kununua hili tulilonalo sasa, kwa yule mama mfinyanzi wa njia ya Bujora, nilikwenda na maharage yangu, sufuria yangu na mkaa wangu kwenye kopo. Akanitazama. "Wewe mama umekuja kununua au kuhamia?" Nikamwambia nitakaa mpaka yaive. Tukakaa. Yalipoiva nikazima mkaa kwa majivu, nikaurudisha kwenye kopo nione umebaki kiasi gani. Ulibaki kama nusu. Lile la bati lingekula wote na kuomba tena. Bei yake ilikuwa mara tatu ya la bati, nikalipa, na kabla ya masika kwisha lilikuwa limejirudishia. Ndiyo maana mpaka leo nazima mkaa na kupima masalia, na wewe na Aziza mnanicheka kwamba nahesabu makaa kama mchungaji.

Chekeni. Mkaa wenyewe nao nashuku. Gunia juu lina mapande mazuri yanayolia kama chuma ukiyagonganisha, chini limejaa vumbi na majani. Nazamisha mkono mpaka kwapani ndipo nalipa. Wauzaji wananiita Mama Daktari.

Basi sasa nirudi kwa shangazi yako.

Baada ya maneno ya Masanja sikulala vizuri. Nilifikiri nikufungie hapa hapa. Lakini nikawaza pia: serikalini hukuchaguliwa. Shule za watu binafsi za hapa mjini ada yake siifikii hata nikikaanga samaki wote wa ziwa. Ile ya Sengerema ni ya kutwa, mpya, ada yake ndogo, na shangazi amesema nusu anatoa yeye na utakaa kwake. Nikikataa kwa sababu ya neno moja la utingo, nitakuwa nimekufungia mlango kwa mkono wangu. Nikikubali na neno likawa kweli, nitakuwa nimekupeleka mwenyewe, na kukufungia mzigo juu. Na kwa nini mtu alipe nusu ya ada ya mtoto wa kaka yake ambaye hajamwona tangu anatambaa?

Siku ile niliyokwambia nakwenda Igoma kutafuta kuni, sikwenda Igoma. Nilipanda basi mpaka Kigongo, nikavuka. Nilibeba fungu la dagaa mkononi ili niwe na sababu.

"Hodi!"

"Karibu! Ee, wifi! Kulikoni, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuletea dagaa."

Minza akautazama ule mfuko. Amezeeka, lakini macho ni yale yale. "Wifi, hapa tulipo dagaa tunalishia kuku. Umevuka ziwa kuniletea dagaa?"

"Na nimesikia una jiko jipya. Nikasema nikalione kwa macho."

Alifurahi kweli, hilo lilinichanganya. Alinivuta mkono mpaka jikoni. Lilikuwepo jiko, mwanangu. Jiko la kweli, la kujengwa, udongo umesiribwa kama benchi, mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria, dohani limetoboa ukuta limetoka nje. Kikundi chao cha akina mama walifundishwa wakajenga. Niliingiza mkono ndani. Nikaangalia majivu: machache, meupe, laini, maana yake kuni zinaungua zote hazibaki vinga. Ukutani hakuna masizi. Vipande viwili vya kuni vilikuwa vinapika sufuria mbili kwa pamoja. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na nikaona aibu kidogo. Nikawa tayari kunywa chai nirudi zangu.

Kisha nikayatazama matundu. Yalikuwa mapana. Wewe na mimi tungeoga ndani ya sufuria za matundu yale. Na nyumbani kwake yuko yeye na mume wake ambaye meno yamebaki mawili.

"Wifi," nikamwuliza, "hizi sufuria wanakula kina nani?"

"Aa, hizo! Nimepata tenda. Shuleni pale. Uji wa saa nne na chakula cha mchana."

"Shule ipi?"

"Si hiyo hiyo ya mtoto."

"Hongera. Na anayepika ni nani?"

Akashika mfuniko, akaufunika, akaufunua. "Tutasaidiana."

"Wewe na nani?"

"Na mtoto akija."

Kumbe nilikuwa nimelinda mlango mmoja, na mwingine uko wazi nyuma yangu. Nusu ya ada ilikuwa na jina: upishi. Nikakaa chini kwenye kigoda chake bila kukaribishwa, nikasema polepole kwa sababu nilijua nikipaza sauti nimekwisha.

"Uji wa saa nne unainjikwa saa mbili. Saa mbili Kabula yuko darasani au yuko hapa?"

Akainama akasukuma kuni ndani.

"Wifi, nakuuliza."

"Mwanzoni mwanzoni tu, mpaka nipate mtu. Ada nusu natoa mimi, wifi. Hela inatoka wapi? Inatoka humu," akapiga ubavu wa jiko.

"Najua. Nashukuru, ndiyo maana nimekuja peke yangu bila wazee. Jioni atakuchotea maji, atapasua kuni, atachambua maharage, Jumamosi atapika mchana kutwa. Asubuhi ni ya shule. Asubuhi huipati."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Alisema sisi watu wa Kirumba tumeharibu watoto. Nikasema huenda. Mwisho akasema, "Haya. Asubuhi nitakoroga mwenyewe, mgongo ukikatika utakuja unizike."

"Nitakuja."

Akacheka. Nikaona hapo hapo ndipo pa kuuliza. "Na ulimtuma Masanja aniambie jiko limepatikana. Ulimaanisha nini?"

Alinitazama kama hakuelewa, halafu akaelewa. Alicheka akajipiga mapaja. "Ulidhani... mama wee! Soko zima likasikia?" Kisha kicheko kikamwishia. "Unakumbuka lile la kwetu."

"Nakumbuka."

"Nilitumwa, wifi. Nilikuwa msichana kama wewe."

"Najua ulitumwa. Safari hii nani amekutuma?"

"Hakuna."

Hakuna, akasema. Akanisindikiza mpaka stendi. Na pale stendi, mimi sijamuuliza chochote, akaangalia pembeni akasema, "Kuna mzee mmoja wa ng'ombe aliniuliza habari za mtoto. Nimemwambia anasoma." Nikamwuliza ni nani. Akaelekeza mkono huko, upande wa nyumba nyingi. Basi likaja.

Nimelipima neno hilo tangu siku ile. Mtu anayekwambia jambo bila kuulizwa, ama anajitua mzigo, ama anajaribu kina cha maji kwa fimbo. Sijui. Nimezamisha mkono mpaka kwapani, Kabula, na sijafika chini ya gunia. Nakwambia hivyo hivyo, nisikudanganye kwamba nina uhakika.

Lakini utakwenda. Kukaa hapa ukikaanga mapanki na mimi hakukulindi na wazee wa ng'ombe, wanavuka kivuko vile vile.

Na jiko utabeba. Nilimwambia pale pale jikoni, "Mtoto atakuja na kajiko kake." Akaruka. "Kajiko ka nini? Si nimesema lipo!" Nikamwambia, "Hili lako kwa sufuria za shule halina mfano. Lakini udongo wote huu, kuupasha kwa kikombe kimoja cha chai, si utateketeza kuni kabla maji hayajajua kwamba kuna moto? Hili ukiliwasha, lijaze. Mtoto akitaka chai asome, konzi moja ya mkaa inamtosha." Akafikiri. Anajua kuni zinagharimu nini. "Hapo umesema," akajibu. Sababu hiyo ni ya kweli, iangalie utaona. Nyingine sikumpa, nakupa wewe.

Mimi nilikaa kule miaka miwili nikikubali kila kitu, na sikuwa mjinga. Nilikuwa naomba moto. Mtu anayeomba moto asubuhi hawezi kukataa jambo mchana. Wewe ukiambiwa leo usiende shule, uji hauna mkorogaji, sema, "Shangazi, shikamoo, mama alisema asubuhi ni ya shule," kisha uende. Wakinuna wasikuwekee chakula, usibishane wala usilie. Washa jiko lako upike chako. Usiku mmoja wa kununiwa unapita kama tumbo halina njaa. Na siku ukiambiwa uoge mapema uvae gauni kuna wageni wanataka kukuona, usiingie sebuleni. Usiulize ni kina nani. Nenda kwa mwalimu wako wa kike. Niliuliza, yupo mmoja anakaa nyuma ya zahanati. Halafu vuka kivuko uje nyumbani.

Lakini hata jiko hilo usiliamini. Usilale nalo chumbani mlango umefungwa hata kama ni baridi. Mkaa hautoi moshi wa kukuamsha.

Kesho utafika jioni. Watakupokea vizuri, Minza anajua kupokea, atakuwa amechinja. Salimia wote, pokea maji, unawe. Kisha kabla hujala, toa jiko lako nje, uliweke uani mahali ambapo kila anayepita anaona, uliwashe. Huna cha kupika, chemsha maji tu. Watakuuliza, "Mtoto, chakula si kipo?" Jibu, "Kipo shangazi, asante. Haya ni ya kwangu ya kunywa." Useme kwa adabu, usicheke, uendelee kupepea.

Aliyekuzaa,
Mama
Kirumba